Kila Jumamosi natupa chakula, na mume wangu anahesabu

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako miaka mingi bila kudhani ipo siku nitakuandikia, tena kwa jambo la jikoni. Nilizoea kuona watu wakikuletea mambo ya ndoa na mirathi. Langu ni la friji, lakini limeshaanza kuingia kwenye ndoa.

Nina watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4. Nyumbani tupo sita: mimi, mume wangu, watoto, na mama mkwe aliyehamia kwetu mwaka jana baada ya magoti kuanza kumsumbua. Nafanya kazi, narudi jioni nimechoka, napika haraka haraka. Msaidizi sina.

Kila Jumamosi, mume akisharudi na manunuzi ya wiki (yeye ndiye anayenunua, maana ana gari na anajua kupata vitu kwa bei ya jumla), mimi hufungua friji nikaisafisha ili vipya vipate nafasi. Hapo ndipo aibu yangu huanikwa. Jumamosi iliyopita nilitoa bakuli la wali wa Jumanne lenye ukungu wa kijani kama manyoya, mfuko wa mboga za majani uliogeuka maji meusi, mkate mgumu kama kigae, nusu kopo la nyanya lililoota weupe pembeni, na vipande viwili vya kuku ambavyo sikumbuki nilivipika lini. Chini ya sinki nako, viazi vimechipua ndani ya kikapu ninachoviweka pamoja na vitunguu. Mume alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Kwa hiyo sisi tunanunua ili tutupe," kisha akawa anahesabu kwa vidole kila ninachotia pipani, watoto wakiangalia.

Mama mkwe naye ni upande mwingine kabisa. Nilitupa pakiti ya maziwa iliyopitwa na tarehe kwa siku moja. Aliinama na magoti yake hayo hayo, akaitoa pipani, akainusa, akaenda kuchemshia chai. Yeye hatupi kitu. Wali uliolala mezani usiku kucha anaupasha asubuhi, anakula, na wajukuu anawapa. Mwezi uliopita yule mdogo alitapika tangu saa nne mpaka jioni. Moyoni nilisema ni kile kiporo. Mama akasema ni hali ya hewa. Mume sijamwambia, nisije nikaonekana namsingizia mama yake.

Na mimi si malaika. Tarehe ikipita natupa, hata kama ni biskuti. Kupika kidogo siwezi. Sufuria ikikwanguliwa mpaka chini najisikia nimeaibika, kama vile nimewanyima watu. Watoto wakibakiza, namalizia mimi, nimesimama pale pale kwenye sinki.

Nani mwenye makosa, Shangazi? Na nianzie wapi?

Mpishi Aliyechoka

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye mabano. Umeandika kwa kupita tu, kama jambo lisilo na uzito, kwamba anayenunua ni mume wako. Basi tuanzie hapo. Anayehesabu kwa vidole mlangoni ndiye aliyeleta vitu vyote hivyo bila kufungua friji kuangalia kilichobaki. Simlaumu, bei ya jumla inamvuta kila mtu, na anayeibeba anajiona ameokoa fedha. Lakini mfuko mkubwa wa mboga ukiliwa nusu na nusu ikageuka maji meusi, ile mboga mmeinunua kwa bei ya juu, si ya chini. Hesabu ya vidole ingeanzia kwenye gari.

La pili ni hiyo siku yenyewe. Friji unaisafisha baada ya vitu vipya kufika. Mwanangu, hapo unaosha maiti. Vya zamani vimeshasukumwa nyuma wiki nzima, havionekani, na siku ya kuvitoa ndiyo siku ambayo hata kama vingekuwa vizima hakuna atakayevitaka, kwa sababu vipya vimejaa mezani. Hamisha kazi hiyo iwe Alhamisi jioni. Toa kila kitu, weka mezani, mume akae hapo na karatasi. Kilichopo kinapangiwa chakula cha Alhamisi na Ijumaa, kisichopo kinaandikwa, na Jumamosi anaondoka na karatasi hiyo mkononi. Asiyeandika hununua kwa njaa ya macho. Na afanye hivyo akiwa ameshakula. Dukani tumbo tupu ni mshauri mbaya.

Usidhani nyumba yenu ni ya ajabu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2024 likikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokwisha kufika madukani, mahotelini na majumbani, na asilimia 60 yake ilitoka jikoni kwetu, si kwenye maduka. Kwa wastani, majumbani peke yake, ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, maganda na mifupa ikiwamo. Zidisha kwa watu sita: kilo 474, yaani kama kilo tisa kila wiki. Na jambo lililonishangaza mimi ni kwamba tofauti kati ya nchi tajiri na zile za kipato cha kati ni ndogo, kilo saba tu kwa mtu. Nilikuwa nikiamini israfu ni ugonjwa wa wenye nacho. Kumbe pipa halimjui tajiri wala maskini.

Kwa hiyo kabla hamjabadili chochote, pimeni. Bandika karatasi ubavuni mwa friji, na kwa wiki mbili kila kinachotupwa kiandikwe: nini, kiasi gani, kwa nini. Sehemu ya "kwa nini" ndiyo dawa. Nilipofanya hivyo nyumbani kwangu nilidhani adui ni mboga. Ikawa mkate. Tena si mkate wote: vile vipande viwili vya mwanzo na mwisho ambavyo kila mtu anavikwepa, mpaka pakiti mpya inafunguliwa juu yake. Nisingejua kamwe kwa kufikiri. Karatasi hiyo aijaze kila mtu, pamoja na mume, na isiwe na jina la mtu. Mkianza kuandika majina itakuwa hati ya mashtaka.

Sasa viporo. Nikuulize kitu, na ujijibu mwenyewe: ule wali wa Jumanne, ulipouweka kwenye bakuli, ulikusudia kweli kuula? Mimi nimejikamata mara nyingi. Najua hatutaula, lakini kuutupa ukiwa mzima kunaniuma, basi nauweka kwenye friji ukachache wenyewe. Ukishaota manyoya nautupa bila kujilaumu, maana hapo si mimi niliyeutupa, umejiharibikia. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa na friji. Kiporo kisicho na siku yake ya kuliwa huwa kimeshatupwa siku ile ile, kinachosubiriwa ni harufu tu. Kwa hiyo kila bakuli linaloingia liwe na kipande cha karatasi: siku kilipopikwa na siku kitakapoliwa. Liwe bakuli linaloonyesha ndani, na likae rafu ya machoni, si nyuma. Vyakula vingi vilivyopikwa hukaa salama kwenye friji siku tatu hadi nne. Kama siku yake haionekani humo, kigandishe usiku huo huo kwenye friza, kikiwa bado kitamu.

Wali lakini una sheria yake, na hapa ndipo ninaposimama na wewe dhidi ya mama mkwe, bila kumvunjia heshima. Kwenye mchele huwa kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa mezani ukiwa vuguvugu, mbegu hizo zinaamka, zinazaana, na nyingine zinatema sumu. Mama anaupasha mpaka unafuka mvuke, na kwa akili ya kawaida ana haki ya kuamini kwamba moto umemaliza kila kitu. Bakteria unaweza kuwaua. Sumu waliyokwisha kuitema haifi kwa moto wa jikoni. Kutapika kwake huja haraka, ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula. Kilichomtapisha mtoto siku ile siwezi kukisema nikiwa huku, matapishi yana sababu nyingi; ila saa nne asubuhi baada ya kiporo cha asubuhi ni jambo la kutolichezea.

Njia ni hii. Wali ukishapakuliwa, unaobaki usikae sufuriani. Utandaze kwenye sinia au chombo kipana, tabaka jembamba, upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu mpaka uwe moto kotekote. Uliolala mezani usiku kucha unatupwa, hata ukinukia. Vyakula vingine vilivyopikwa, kama nyama na maharage, visizidi saa mbili nje, na siku ya joto kali visizidi saa moja.

Utamwambiaje mama? Usimwambie "umemtapisha mtoto." Mtu aliyekua akijua chakula kikiisha hakuna kingine hawezi kuzoea kutupa kwa amri ya mkwe wake. Mpe cheo. Mwambie, "Mama, mimi narudi usiku, viporo vinanishinda. Naomba rafu hii iwe yako." Yeye ndiye atakayejua nini kinaliwa leo na nini kinaingia friza, na sinia la wali litapozwa na yeye kabla hujamaliza kuosha vyombo. Umemtazama kama kikwazo. Mimi naona ndiye mtu pekee nyumbani mwenu anayeumia chakula kikitupwa kiasi cha kuinamisha magoti mabovu. Huyo ni wa kuajiri. Na habari ya sumu ya wali aisikie kwa mwanawe, si kwako. Ndiyo, maana yake itabidi umwambie mumeo kuhusu siku ile ya matapishi. Mwambie kama mzazi mwenzio, mkiwa wawili.

Kwenye tarehe, mwanangu, nageuka niwe upande wake kidogo. Zipo za aina mbili, na watu wengi tunazisoma kama moja. Ipo inayosema bidhaa ni bora zaidi kabla ya siku fulani. Hiyo ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu ladha na ukakamavu. Biskuti, tambi, mchele, sukari, vyakula vya kopo lisilovimba wala kutoboka: ikipita, fungua, tazama, nusa, onja. Biskuti zako zilikufa bila hatia. Ipo nyingine inayosema itumike kabla ya siku fulani, nayo ni ya usalama. Utaikuta kwenye nyama, samaki, na vyakula vya kuliwa bila kupikwa. Hiyo usishindane nayo, na pua haisaidii, kwa sababu vijidudu vinavyonuka na vile vinavyowaletea watu ugonjwa si lazima viwe vile vile. Bakteria aitwaye Listeria hukua hata kwenye baridi ya friji na haitoi harufu yoyote. Maziwa ndiyo yenye utata, kwa kuwa huandikwa hivi pengine na vile pengine. Soma maneno, usisome tarakimu peke yake. Ila kutoa kitu pipani, hapana. Hilo mwambie mama kwa upole kwamba likishaingia humo limeaga.

Ukishamaliza hayo, mpangilio ni kazi ya dakika kumi. Maziwa yako najua yanakaa mlangoni, kwa sababu watengenezaji wa friji wameweka nafasi ya chupa hapo hapo. Nao mlango ndio sehemu yenye joto kuliko zote. Yaingie ndani. Weka mlangoni siki na achari. Nyama mbichi ikae chini kabisa ili maji yake yasidondokee kitu, na friji yenyewe isizidi nyuzi joto 4. Mboga za majani ziligeuka maji kwa sababu zilifungiwa na unyevu wao kwenye plastiki. Zifungie kwenye kitambaa kikavu au karatasi, usizioshe mpaka siku ya kupika, na uzitenge na ndizi mbivu na tufaha, kwa maana matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha majani kugeuka njano. Zilizonyauka si zilizokufa. Zitumbukize kwenye maji baridi nusu saa uone zinavyosimama. Vitunguu na viazi waachanishe, kila mmoja na kikapu chake, viazi gizani. Vilivyochipua kidogo unakata machipukizi na kupika. Vilivyogeuka kijani au kuwa vichungu, hivyo tupa. Na mkate kwenye friji huwa mgumu haraka kuliko ukikaa mezani, hata mimi nilibisha nilipoambiwa. Kata vipande, weka friza, toa unachotaka asubuhi.

Sasa sufuria yako. Ulichoandika kuhusu kukwangua kimenigusa kuliko vyote, kwa sababu hapo hakuna friji wala tarehe, ni moyo tu. Unapika kingi ili asiwepo atakayesema hakushiba. Lakini hebu kumbuka: ni nani nyumbani kwenu aliyewahi kusema hivyo? Chukua kikombe kimoja, kile kile kila siku, pima mchele kabla ya kuosha, andika. Usiku tazama umebaki kiasi gani. Kwa kukisia, mtu mzima humtosha gramu 75 hivi za mchele mkavu, nao ukiiva uzito huongezeka karibu mara tatu, lakini nyumba yako haifanani na ya mtu. Punguza nusu kikombe wiki hii, nusu nyingine wiki ijayo, mpaka ufike mahali kinapobaki kijiko kimoja. Siku utakayokosea, kata tunda, choma mkate. Hakuna atakayelala njaa.

Watoto wapakuliwe kidogo, waombe tena. Mtoto wa miaka minne ukimjazia sahani kama ya kaka yake unampa kazi, si chakula. Akiomba mara ya pili ni furaha kwenu nyote. Asipoomba, kilichobaki kiko sufuriani, safi, hakijaguswa na mkono wa mtu, na kinaweza kuwa chakula cha kesho. Kilichogusa sahani hakirudi. Na wewe acha kumalizia ukiwa umesimama. Tumbo lako si pipa la pili. Kula mezani, umeketi, na watu wako.

Maganda na mizizi yatabaki tu. Mkiwa na kipande cha udongo, yafanyeni mboji. Yakienda dampo yakafukiwa bila hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Hilo lisikukoseshe usingizi mwezi huu, una mengine ya kuanza nayo.

Mume wako mweleze Jumatano, si Jumamosi. Siku ya manunuzi kila mmoja ana mzigo mikononi na jibu mdomoni. Usianze na "wewe ndiye unayenunua", hata kama mimi nimeanza nayo. Mimi siishi naye. Mwambie hesabu yake ya vidole imekufanya uandike barua, na unaomba akusaidie kuhesabu, ila Alhamisi, kabla ya kitu kuoza, na watoto wakiwa wamelala.

Nilitaka kuishia hapo nikakumbuka ile nyanya ya kopo. Ukishafungua kopo usiweke nyanya humo humo. Hamishia kwenye chombo chenye kifuniko. Kama hutaipikia ndani ya siku tatu nne, chota kijiko kijiko uweke kwenye trei ya barafu, igande, uzitie kwenye mfuko. Ukitaka kupika unachukua vipande viwili, unafunga mfuko, basi.

Shangazi